Nilisimama Nikasema Ni Wafu Wangu

Kama Jumamosi iliyopita gazeti lilikupita, shika hili tu. Mimi ni Tatu binti Zahoro. Niliolewa na Hamud, mtoto wa Kiarabu wa Mchafukoge, nikaishi kwenye nyumba ya baba yake mpaka aliponiambia nihame "kwa muda" kwa sababu nyumba inavunjwa, inajengwa ghorofa. Huo muda ukageuka talaka. Aliituma kwa sauti, WhatsApp, nikiwa nimesimama Mtaa wa Congo nauza vijora juani. Binti yetu Lujain, wa miaka tisa, akabaki Upanga kwa bibi yake, Bi Azza, mama yake Hamud. Mimi nikawa mtu wa kumwona getini.

Halafu katapila lililokuwa linachimba msingi pale nyumba ilipokuwa likaibua mafuvu ya watu.

Kazi ikasimamishwa. Na Hamud, ambaye hakuwa amenitazama usoni tangu anipe talaka, akaja Congo mwenyewe, akasimama mbele ya vijora vyangu, akasema, "Tatu, nakuomba."

Leo nasema alichoniomba, na mimi nilichofanya. Mkinichukia mna haki.

"Omba," nilimwambia. "Ila usinizibie wateja."

Akasogea pembeni. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Umesikia habari za kiwanja."

"Bongo nzima imesikia."

"Wale ni watu wa zamani sana. Walikuwa pale kabla hata babu yangu hajanunua. Sasa wamekuja wataalamu wa mambo ya kale, wanachimba kwa vijiko na brashi kama wanasugua meno. Wanasema inaweza kufika mwaka. Mwekezaji hasubiri mwaka, Tatu. Akiondoka tunabaki na shimo. Nyumba ya baba hakuna, ghorofa hakuna."

Nikakunja kijora. "Poleni."

"Lakini ikipatikana familia ya wale wafu, ikasema hawa ni wazee wetu na tumeridhia wahamishwe, mambo yanakuwa mepesi. Shehe anasoma dua, wanazikwa upya makaburini, kazi inaendelea."

"Itafuteni hiyo familia basi."

"Nimeipata." Akaniangalia. "Bibi yako alikuwa mtu wa mtaa ule."

Nilicheka mpaka jirani yangu wa meza akageuka.

"Bibi yangu alikuwa anauza vitumbua mtaa ule, Hamud. Kazaliwa Kisarawe, kazikwa Kisarawe. Ulikuja mazikoni mwenyewe, ukalalamika viatu vyako vimeingia tope."

"Nani mwingine anajua?"

"Kwa nini msiseme ni wa kwenu?"

Hapo akainamisha kichwa. "Choo cha nyumba kilikuwa juu yao. Mama hataki watu waseme tumekaa miaka yote tukijisaidia juu ya wazee wetu."

Nikaelewa. Wafu waliojengewa choo walifaa kuwa wa kwetu sisi.

Ningemfukuza pale pale. Ningemmwagia hata maji ya chupa niliyokuwa nayo. Badala yake mdomo wangu ukasema peke yake, "Nataka Lujain."

 Mkokoteni ulipita kati yetu, mwenye mkokoteni akapiga mluzi, ukaisha kupita kabla hajajibu.

"Utamchukua," akasema.

"Sio wikiendi. Akae kwangu."

"Akae kwako."

"Apa."

Akaapa. Kwa jina la Mungu, katikati ya Mtaa wa Congo, huku muuza soksi akitangaza bei pembeni yetu.

*

Mkutano ulifanyika kiwanjani asubuhi, chini ya turubai. Alikuwepo mtendaji wa kata, shehe wa msikiti wa jirani, wazee wa mtaa, na wale wataalamu. Mkubwa wao alikuwa dada mmoja mfupi, buti zimejaa udongo, anaitwa Hyasinta.

Nilivaa buibui langu jeusi, lile la msiba. Hamud alikaa mbali na mimi, kama mtu asiyenijua.

Mtendaji akauliza kama kuna yeyote mwenye uhusiano na waliolala pale. Nikasimama.

"Mimi. Bibi yangu alituambia wazee wetu wamelazwa hapa. Ni wafu wangu."

"Unayajua majina yao?" akauliza shehe, kwa upole.

"Siyajui, shehe. Ni wa zamani mno."

"Na unaridhia wahamishwe?"

"Naridhia."

Ilikuwa rahisi hivyo. Nilidhani ulimi utanizuia, au nitatetemeka. Sikutetemeka. Niliona mtu ameinua simu ananirekodi, nikafikiria kunyoosha mtandio tu.

Kilichoniumiza ni baadaye. Kina mama wa mtaa walikuja kunishika mkono. "Pole kwa msiba, Mama Lujain." Mmoja alilia kabisa. Na mimi nikapokea pole, nikasema "tumeshapoa," kama mfiwa wa kweli.

Hyasinta ndiye hakunipa pole. Alikuja akasimama karibu yangu, akasema taratibu, "Mama, kuridhia kwako peke yake hakutoshi. Kuwatoa watu ardhini kunahitaji kibali, na kibali bado. Lakini wewe ni familia, njoo uwaone. Njoo keshokutwa."

Hamud alisikia. Alinikodolea jicho.

*

Lakini alitimiza. Jioni ile ile alimleta Lujain kwenye chumba changu Mtaa wa Likoma, na begi la nguo na mkoba wa shule. Hakuingia. Alimbusu mtoto kwenye paji la uso, akaondoka.

Lujain akasimama katikati ya chumba, akatazama dari.

"Mama, hapa hakuna pangaboi?"

"Kuna dirisha."

Akalitazama. "Dirisha nalo ni zuri," akasema. Kwa adabu, kama mgeni.

Nilimnunulia chipsi mayai, nikamsuka nywele ambazo Bi Azza alikuwa amezibana mpaka zinakatika. Alipokaribia kusinzia akaniuliza, "Bibi kasema umepata wazee wako. Ni wazee wangu na mimi?"

Nyie wenye watoto mngemjibu nini?

"Ndiyo," nilisema. "Lala."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na wa pili ulitoka mwepesi kuliko wa kwanza.

*

Nilienda shimoni kwa sababu nisipoenda wangenishuku. Hyasinta akanipa kofia ngumu, akanishika mkono kwenye ngazi.

Nilikuwa nimejiandaa kuona mafuvu. Sikujiandaa kuona watu. Walikuwa wamelala kama watu wanavyolala, mmoja amekunja goti, mwingine kichwa kimeegemea bega la mwenzake.

"Hawa wa upande huu wamelazwa ubavu wa kulia, wanaelekea kibla," Hyasinta akasema. "Wale wako chali. Na wale wawili pale wako kifudifudi."

"Nani anazika mtu kifudifudi?"

"Aliyechoka. Au anayeogopa. Huenda ni maradhi yaliyoua wengi kwa mara moja, sijui bado. Nikiachiwa nimalize nitakujibu. Nikikatizwa, hatajua mtu tena."

Akanisogeza pembeni kabisa, kwenye turubai dogo. Akalifunua.

Alikuwa mwanamke. Shanga za bluu bado zilikuwa shingoni, zimezama kwenye udongo. Mkono wake mmoja ulikuwa umekunjwa, na ndani ya ule mkono kulikuwa na vifupa vyembamba kama vya ndege.

"Alizikwa na mwanawe," Hyasinta akasema. "Hawakumtoa mkononi."

Nilikaa chini.  Nilikuwa na Lujain chumbani kwa siku mbili tu baada ya miezi ya kusimama getini, na huyu mama hapa hakunyang'anywa mwanawe hata kaburini. Nilimwonea wivu. Niaminini, nilimwonea wivu mtu aliyekufa.

"Mama Lujain, nikuulize kitu kimoja," Hyasinta akasema. "Hawa ni wako kweli?"

Angeniuliza kwa ukali ningejua la kufanya. Aliniuliza kama mtu anayetaka kunisaidia.

"Ndiyo. Ni wangu."

"Basi wewe ndiye unayeweza kuwasemea. Mwambie mtendaji unataka tumalize kwanza. Mwezi mmoja. Halafu wazikwe mmoja mmoja, na huyu na mwanawe. Familia ikisema hivyo, hakuna atakayetuharakisha."

Nilipanda ngazi nikaenda moja kwa moja kwa mtendaji, nikasema hivyo hivyo.

Msiniulize kwa nini. Nimejiuliza vya kutosha.

Hamud alipiga simu sijafika hata Msimbazi. "Umefanya nini?"

"Mwezi mmoja tu, Hamud. Kuna mama kule chini na mtoto."

"Nani kakutuma uwaonee huruma?"

"Si wewe uliyesema ni wangu?"

Akakata simu.

*

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo nilipojua uongo wangu umeota miguu.

Ile video ilishazunguka. Mtu kaituma kwenye kundi la misiba, ikatumwa kwenye kundi la shule, ikafika Feri, kwenye simu ya mjomba wangu Abdulatif.

Mjomba Abdulatif ni kaka wa marehemu mama yangu. Ni dalali wa samaki Feri, sauti yake inasikika mpaka kwenye foleni ya pantoni. Nilipoachika nilimpigia anipokee kwa wiki moja, akasema nyumba imejaa. Safari hii alikuja mwenyewe mpaka Likoma, kanzu imepigwa pasi, na wakili pembeni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu, marahaba! Umetufumbua macho."

"Macho gani?"

"Kiwanja. Kama wazee wetu wamezikwa pale, kile ni kiwanja chetu. Wale Waarabu walikikuta na makaburi yetu, wakajenga juu yake. Tumeshafungua shauri baraza la ardhi. Wewe ndiye shahidi wetu wa kwanza."

Nikamtazama nikidhani anatania. Wakili alikuwa anatafuta mahali pa kukaa.

"Mjomba, bibi alikuwa mama yako. Unajua alizaliwa Kisarawe!"

"Nilikuwa najua hivyo," akasema, wala hakupepesa jicho. "Mpaka wewe uliposimama mbele ya shehe ukasema vingine. Au ulimdanganya shehe?"

Nikatazama miguu yangu.

"Basi yameisha," akasema mjomba. "Andaa chai."

Nikaandaa chai. Sukari ikamwagika mezani. Wakili akanywa, akasifu tangawizi.

*

Siku ya pili, Alhamisi, nilienda shuleni kumchukua Lujain. Nikangoja getini mpaka watoto wakaisha.

Mwalimu akatoka. "Mama Lujain? Baba yake alishamchukua tangu saa ya mapumziko."

Nikapiga simu. Haipokelewi. Nikapiga tena. Mara ya tatu akapokea, na sikusikia hata salamu.

"Mlipanga! Wewe na mjomba wako mlipanga tangu mwanzo! Nimeletewa karatasi za baraza leo asubuhi mbele ya mwekezaji. Mbele yake, Tatu!"

"Hamud, wallahi sikujua. Mjomba kaona video."

"Nilikupa mtoto, ukanipa kesi."

"Nirudishie Lujain, nitakwenda barazani niseme ukweli."

"Ukweli upi? Useme nilikutuma?" Sauti yake ikabadilika, ikawa ya chini. "Ukithubutu, hutamwona tena. Sio getini, popote."

Mnaona nilivyobanwa? Nikisema ni wafu wangu, Hamud anapoteza kiwanja na mimi nampoteza mtoto. Nikisema si wangu, Hamud anaumbuka na mimi nampoteza mtoto. Njia zote zilikuwa zinaishia mahali pamoja, na ni mimi niliyezichimba.

Nilienda Upanga hata hivyo. Bi Azza alishuka mpaka getini lakini hakulifungua.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia.

"Nilimwambia Hamud tangu siku ya posa," akasema. "Nilimwambia huyu atakuja kudai nyumba. Akanicheka. Leo mmefika kwenye kiwanja."

"Sidai kiwanja, mama. Namdai mwanangu."

"Wewe si umepata wazee wako? Nenda kakae nao."

Nilimtazama yule mama niliyempikia miaka kumi na moja, niliyemwogesha alipovunjika nyonga. Nilitaka kumkumbusha. Halafu nikainua macho, nikamwona Lujain dirishani ghorofa ya pili. Hakupunga mkono. Mkono wa mtu mwingine ukatokea nyuma yake, ukavuta pazia.

Nilirudi Kariakoo kwa miguu. Rafiki yangu Sophia, ninayepanga naye nyumba moja, alinikuta nimekaa sakafuni na lile begi la nguo zake mapajani. Alikuwa ametoka Feri kukaanga samaki, ananukia mafuta. Alikaa chini na mimi. Namshukuru kwa hilo.

*

Jumamosi asubuhi Hyasinta alinipigia analia.

"Wamewatoa."

"Nani?"

"Wafu wote, Mama Lujain. Tulifunga kazi Ijumaa adhuhuri watu wakienda msikitini. Leo tumekuta shimo tupu. Wamewachota kwa sepetu. Shanga zimetapakaa. Mlinzi hayupo, simu yake imezimwa."

"Na yule mama?"

 Nilisikia anajaribu kuvuta pumzi.

Nilikuwa bado na simu mkononi askari wawili waliponifikia kwenye meza yangu ya vijora. Waliniita kwa jina langu na la baba yangu. Muuza soksi akaacha kutangaza bei. Mtaa wa Congo, ambao haujawahi kunyamaza, ulininyamazia mimi.

*

Kituoni aliniketisha Afande Eliakimu, mtu mzima, miwani imeshuka puani. Hyasinta alikuwa amekaa kwenye benchi, macho mekundu. Mjomba Abdulatif naye alishafika na kanzu yake, maana kiwanja kina kesi na yeye ndiye aliyeifungua.

Afande akaniomba simu yangu, akaiweka mezani. Akachukua yake, akabonyeza. Nikasikia sauti yangu.

"Ni wafu wangu."

Akaacha iendelee.

"Naridhia."

Akaizima. "Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Aliyekuwa mume wako ameshatoa maelezo. Anasema kiwanja ni chake lakini wafu ni wenu, na hahusiki na wafu wa watu. Anasema familia yenu imewahamisha. Kibali mnacho?"

"Sijamhamisha mtu, afande."

"Mwenye wafu ni nani?"

Nilimtazama mjomba. Alinitikisia kichwa taratibu: sema, sema. Nilimtazama Hyasinta, hakuwa ananitazama.

Nilichoka. Sina neno jingine. Sio ujasiri, msije mkanisifia. Nilichoka tu kuubeba.

"Si wangu," nikasema. "Hawakuwahi kuwa wangu. Bibi yangu alizaliwa Kisarawe. Hamud aliniomba niseme vile, na mimi nikasema ili nimpate mwanangu."

Mjomba akaruka kwenye benchi. "Unasema nini wewe?"

"Mama yako alizaliwa Kisarawe, mjomba. Mwambie afande."

Mjomba akageuka kwa Afande Eliakimu, akashusha sauti yake ya mnadani ikawa ya huruma. "Afande, huyu mtoto ana matatizo tangu aachike. Sisi familia tunajua. Mimi maneno yake siyabebi." Akachukua kofia yake, akatoka. Hakuaga.

Nilidhani hilo ndilo litakaloniuma. Kumbe bado.

Hyasinta akasema, bila kupandisha sauti, "Nilikuuliza shimoni."

"Uliniuliza."

"Wataalamu wenzangu walitaka tuombe askari walinde. Mimi nikakataa. Nikasema hakuna haja, hawa wana ndugu yao, nimemwona alivyokaa chini pembeni yao. Atawalinda." Akajifuta uso kwa mkono wenye udongo. "Ungeniambia ukweli siku ile, wangekuwa bado wapo."

Nikautazama ule udongo mkononi mwake. Mpaka leo nauona.

Afande Eliakimu alivua miwani. "Haya. Umedanganya mbele ya viongozi wa serikali na wa dini, hilo la kwanza, tutaliandika. La pili: wako wapi?"

"Sijui, afande."

"Mama, umekiri umesema uongo. Nianze kukuamini kuanzia neno lipi?"

"Muulizeni Hamud."

"Hamud ana mashahidi. Anasema Ijumaa mchana alikuwa na mtoto wake, amemfuata shule. Mtoto wenu. Nani anakwenda kuiba mifupa na mtoto wa miaka tisa?"

Simu yangu ikaita pale mezani. Sote tukaitazama. Jina lilikuwa linawaka kwenye kioo: Bi Azza.

Bi Azza hakuwa amenipigia tangu talaka.

"Pokea," Afande akasema.

Nikaiweka sikioni. Nilitegemea matusi. Nikasikia mtu anapumua karibu sana na simu.

"Mama, ni mimi. Bibi yuko bafuni."

Nikaibana simu sikioni. "Sema, mwanangu."

"Usimwambie baba nimepiga." Alikuwa ananong'ona haraka haraka. "Ijumaa mchana alinifuata tena shule. Kulikuwa na viroba nyuma ya kiti changu, vingi. Tukapanda pantoni tukavuka Kigamboni. Baba alisema ni simenti. Lakini kimoja kilifunguka, mama. Sio simenti."

Nilishika ukingo wa meza.

"Nilimuuliza kama ni wale wazee wako. Akasimamisha gari, akalia. Sijawahi kumwona baba analia. Akaniambia nikisema kwa mtu atafungwa, na itakuwa ni mimi niliyemfunga." Akavuta makamasi. "Lakini mimi najua alipowaweka. Napakumbuka. Kuna ukuta wa bluu na..."

"Nyamaza," nikasema. Sijui ilitoka wapi. "Nyamaza kwanza, mama."

Hyasinta aliinua uso. Alikuwa amesikia kitu, kama si maneno basi sauti ya mtoto. Alinyanyuka kwenye benchi, akanikaribia, na macho yake yalikuwa yananiomba kitu ambacho nilikuwa nacho.

Afande Eliakimu alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi.

"Nani huyo?"

Wafu wale, na mama yao mwenye shanga, walikuwa umbali wa sentensi moja. Na mwenye hiyo sentensi alikuwa ni mwanangu.

"Mama, nipe hiyo simu," Afande akasema, na safari hii alikuwa amesimama.

Sikioni kwangu Lujain alikuwa bado yupo, sauti imeanza kukatika kwa kilio.

"Mama? Mbona hunijibu? Nimefanya vibaya?"